Orodha ya Wabunge Walio Hatarini

Sipendi mikutano. Kwetu niliiandika kwa miaka minane, London nikafuta meza zake kwa miaka sita, na kote huko sijaona mtu akitoka mkutanoni ameshiba kitu zaidi ya biskuti. Nalisema hili mapema ili usidhani kwamba nilikwenda kuwatafuta wale wabunge. Wao ndio walionifuata kazini.

Katika miaka ya tisini nilikuwa karani wa bunge katika mji mkuu wa nchi yetu, Kongo. Nilikaa chini ya kiti cha spika, nikaandika kila neno lililosemwa, kisha nikalipiga chapa kwa Kifaransa kisafi, bila matusi na bila kukohoa kwa waheshimiwa. Kazi hiyo niliipata kwa sababu ya kaka yangu mkubwa, yaya, kama tunavyosema sisi watu wa mashariki. Si kwamba alinitafutia. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na tangu nikiwa na miaka saba aliniandikisha insha kila Jumapili baada ya misa, kisha akaisahihisha kwa kalamu nyekundu. Sikumbuki hata siku moja karatasi yangu ikirudi safi. Akikosa kosa la sarufi alipigia mstari wazo lenyewe. "Hili si kosa," angesema, "lakini lingeweza kuwa zuri zaidi." Nililia sana kwa ajili ya kalamu ile, na kalamu ile ndiyo iliyokuja kunilisha.

Vita vilipotufikia nilikimbia, kwa njia ambayo sitaieleza hapa kwa kuwa nimeshaieleza mara nyingi mno mbele ya maofisa wa uhamiaji. Mwisho wa miaka ya tisini nilikuwa Wembley, kwenye flati ya vyumba viwili juu ya duka la sari, na kazi yangu ilikuwa usafi katika jumba moja la mikutano katikati ya jiji. Yaya hakukimbia. Alisema mwalimu akikimbia, watoto watasomeshwa na nani? Baadaye mapatano yakafanywa, likaundwa bunge la mpito, wale waliokuwa wakipigana jana wakapangwa kwenye viti vilivyopakana, na yaya akateuliwa kuwa mmoja wao. Nilicheka peke yangu kwenye treni nilipomfikiria akisahihisha miswada ya sheria kwa kalamu yake nyekundu.

Hakukaa sana. Aliuliza swali moja bungeni kuhusu mkataba mmoja, swali ambalo wenzake walimshauri aliache. Wiki ileile alichukuliwa nyumbani kwake akiwa na kandambili miguuni. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na hawakumruhusu kubeba dawa.

Wiki tatu baadaye, wabunge wa nchi zinazosema Kifaransa wakaja London. Haukuwa ule umoja mkubwa unaotajwa redioni. Ulikuwa umoja mdogo wa mabunge machache, na walikuja kwa siku tatu kujifunza jinsi bunge linavyoweza kutumia intaneti: kuweka sheria mtandaoni, kupiga kura kwa kompyuta, kujibu wananchi kwa barua pepe. Mimi nilikuwa nikipita na toroli langu kubadilisha majagi ya maji. Ghafla nikasikia mtu akisema, kwa Kifaransa kilekile cha kazi yangu ya zamani, "Mheshimiwa Rais wa kikao, naomba neno." Miguu ilitaka kukunjika nikae niandike. Mheshimiwa mmoja alieleza kwa fahari kwamba bunge lake litakuwa na tovuti kabla ya kuwa na paa. Wenzake wakampigia makofi.

Kazi ya usafi ina faida moja: unasoma. Wakati wa chai watu huacha karatasi zao mezani, nawe unazipanga, na kupanga karatasi bila kuzitazama ni kazi ngumu. Kwenye ajenda ya siku ya mwisho niliona kifungu kimoja tu kisichohusu kompyuta. Kilihusu wabunge waliofungwa au kutoweka katika nchi wanachama. Kulikuwa na kamati, na kamati ilikuwa na orodha. Nikatafuta jina la yaya kwenye orodha ile. Halikuwamo. Asiyekuwapo na lake halipo.

Jioni ile niliandika malalamiko kwenye meza ya jikoni, kurasa mbili, kwa mkono. Nilijua jinsi yanavyotakiwa kuwa: jina kamili, jimbo, tarehe ya kukamatwa, kifungu cha kinga ya mbunge, hali ya afya, ombi. Hakuna kulia. Kamati hailii, wala haipendi kulizwa.

Kesho yake nilimvizia karani wa kamati kwenye ukumbi wa nje. Alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Tulikuwa tumekatazwa kusema na wageni, lakini nilishajiambia kwamba kazi za kufuta meza hazijaisha London. Nikampa karatasi. Akazisoma amesimama. Halafu akakitazama kitambaa cha manjano mkononi mwangu, akauliza ni nani aliyeniandikia.

"Mimi," nikasema.

"Wewe mwenyewe?"

"Nipe kalamu nikuandikie nyingine hapahapa."

Akatabasamu kidogo, akaomba radhi, nami kwa hilo nikampenda. Tulikaa kwenye ngazi, akanieleza mambo yalivyo. Orodha ile haikuwa tena ya karatasi tu. Tangu mwaka uliopita ilikuwa kwenye ukurasa wa intaneti, na dunia nzima iliweza kuisoma: jina, nchi, na mbele yake neno moja. Anazuiliwa. Ametoweka. Amefariki. Faili, alisema, linaishi kwa habari. Nikimtumia habari kila mwezi litabaki wazi, nikikaa kimya litakufa lenyewe. Kisha akaongeza jambo ambalo nilidhani ni la kiofisi tu, na nikalipokea kwa kutikisa kichwa. Kufungua faili ni kazi ya kamati, nayo hukutana mara mbili kwa mwaka. Kufunga ni kazi yake yeye mwenyewe, alisema, akipata habari ya kuaminika kutoka kwa familia. Kwa bahati kamati ilikuwa inakutana alasiri ileile.

Jina la yaya likaingia. Nililiona kwenye kompyuta ya maktaba, nimekaa kati ya mzee wa Kihindi na msichana aliyekuwa akitafuta kazi. Nililigusa kwa kidole kwenye kioo. Msichana yule akasogeza kiti chake mbali nami kidogo, nadhani aliniona mwehu.

Usidhani karatasi haina nguvu. Miezi miwili baadaye binamu yetu aliyebaki mji mkuu, ambaye ndiye aliyekuwa akipeleka chakula gerezani, alinipigia simu kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu utotoni. Mkuu wa gereza alikuwa ameupiga chapa ule ukurasa na kuuweka mezani kwake. Balozi mmoja alikuwa ameuliza. Yaya akatolewa kwenye shimo alimokuwa, akapewa chumba chenye dirisha, na dawa ya sukari ikaruhusiwa kuingia kila wiki. Ujumbe wake ulikuwa mfupi, na binamu aliurudia neno kwa neno: "Ambia mudogo wangu asiache jina litoke. Hapa banaogopa ile karatasi kuliko Mungu."

Basi kwa miezi minane hiyo ndiyo ikawa kazi yangu ya kweli. Kila mwanzo wa mwezi nilimwandikia karani wa kamati: amepewa dawa, hajapewa dawa, amepungua uzito, ameomba vitabu. Nilikuwa nikiandika vizuri kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Na nitasema ukweli, nilikuwa nikijivuna. Wakongo wote wa upande wetu wa London walijua kwamba mfuta meza wa Wembley anaandikiana na wabunge.

Sasa nieleze kuhusu Prezida. Tulikuwa na chama chetu cha kusaidiana, sisi watu wa mashariki, na mwenyekiti wake tulimwita Prezida ingawa alikuwa akipakia masanduku kwenye ghala kule Hayes karibu na uwanja wa ndege. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti kubwa. Alijifunza mwenyewe kutengeneza tovuti, akakitengenezea chama chetu moja, yenye bendera na muziki ulioanza kupiga bila kuulizwa. Humo aliweka habari za harusi, za ubatizo na za misiba. Watu wetu wa Brussels, Paris na Montreal waliisoma kila siku. Tulijiona tumeendelea.

Simu ilikuja Jumamosi mchana, nikiwa nachambua maharage. Alikuwa binamu, akipiga kutoka kibanda cha simu barabarani, na nyuma yake kulikuwa na kelele.

"Dada, uko na nani pale?"

"Niko peke yangu. Kuna nini?"

"Ikala chini kwanza. Mheshimiwa haiko tena."

"Nani amesema?"

"Batu ya boloko. Baliona bakitosha maiti asubuhi, bamefunika. Bote banasema ni yeye." Boloko ni gereza, na kutosha ni kutoa. Kisha simu ikakatika.

Mimi nilikaa chini sakafuni, maharage yakamwagika. Nilimpigia Prezida, maana ndiye unayempigia. Na hapo ndipo mambo yalipotoka mikononi mwangu, au niliyaacha yatoke, hata leo sijui.

Anayetoka kwetu atanielewa. Msiba ukitajwa, watu hawangoji. Saa mbili hazikupita kabla ya flati yangu kujaa. Wamama wa kanisani walikuja na masufuria, vitanda vikasimamishwa ukutani, picha zikageuzwa, viti vya plastiki vya kanisa vikapandishwa ngazi hadi mwenye duka la sari akatoka nje kutazama. Hayo ndiyo matanga, na kwenye matanga kazi ya kwanza ni ya ndugu wa damu. Kilio huanzia kwa mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Wote walikuwa wamekaa wakinitazama mimi. Dada anayechelewa kulia, kwetu, watu huanza kuulizana kwa nini machozi yake ni mazito, na jibu lao si zuri: labda ni yeye aliyemla kwa uchawi. Nimeona mama mmoja akifukuzwa nyumbani kwa kosa la kuuliza maiti iko wapi. Nikapiga yowe. Walipolisikia wakaingia wote, na baada ya hapo hapakuwa na mlango wa kurudi.

Mtu mmoja tu aliuliza. Jirani yangu wa ghorofa ya juu alikuwa nesi Mkenya, mwenye maneno machache na viatu vyeupe. Alishuka akiwa bado na sare ya kazi, akanishika bega.

"Pole sana, dadangu. Lakini nani ame-confirm? Ni hospitali gani ime-sign?"

"Mama, kwetu habaulizake vile," akamwambia mmoja wa wamama wa kanisani.

"Naelewa. Lakini mtu akifa kuna mtu amemwona. Si tupige simu tena kwanza?"

Nesi akaniangalia mimi, akingoja nimtetee. Nilimsikia vizuri kabisa. Miaka minane nilikuwa karani, najua tofauti kati ya kilichoonekana na kilichosemwa, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nikainamisha kichwa, nikaendelea kulia. Mzee mmoja upande wa wanaume akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nesi akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango.

Alasiri Prezida akaniita jikoni.

"Mama, andika communiqué. Weye njo unajua kuandika. Nitaiweka ku site leo leo, batu ya Brussels banapiga simu sana."

"Prezida, labda tungoje kesho?"

"Tungoje nini? Mheshimiwa mzima! Baandike bengine, bakosee?"

Hilo la mwisho ndilo lililoniingia. Wazo kwamba tangazo la kifo cha yaya liandikwe na mtu mwingine, likiwa na makosa, lisomwe Brussels na Paris, sikuliweza. Nikafuta mikono, nikakaa kwenye kiti cha jikoni kati ya masufuria ya watu, nikaandika.

Niliandika vizuri. Familia, kwa huzuni kubwa, inatangaza kifo cha Mheshimiwa, mwalimu, mbunge, kilichotokea gerezani siku ya Jumamosi. Nikaweka jina lake lote, jimbo lake, maneno mawili juu ya wanafunzi wake, moja juu ya swali aliloliuliza. Mara moja kalamu ilisimama. Nilitaka kuandika "inasemekana". Lakini nani amewahi kuona tangazo la kifo lenye neno hilo? Tangazo rasmi halisitisiti. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwafutia waheshimiwa maneno ya namna hiyo, nikiwafanya waonekane wanajua wanachosema. Nikalipita. Nikatia sahihi: dada yake, kwa niaba ya familia.

Jumanne nilipata barua pepe kutoka kwa karani wa kamati. Kwenye ofisi yao mpya kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupekua mitandao kutafuta habari za wabunge walio kwenye orodha. Alikuwa ameiona communiqué. Karani aliniandikia pole ndefu, ya moyoni, akasema kwamba kamati imelipokea tangazo la familia na faili limefungwa kwa heshima. Niliipiga chapa kule maktaba, nikaisoma mbele ya wamama, nikawatafsiria. Mmoja akasema, "Unaona dada yetu, hata bakubwa ya dunia banamjua." Mungu anisamehe, katikati ya kilio kile nilisikia raha.

Jumatano binamu akapiga tena. Alikuwa akicheka na kulia pamoja, sikumwelewa mpaka aliporudia mara ya tatu. Alikuwa amekwenda gerezani kudai maiti, na kupitia wavu wa uani akamwona yaya kwa macho yake, amesimama, amemwinulia mkono. Aliyekufa alikuwa mzee mwingine wa chumba kilekile. Walimtoa amefunikwa, waliokuwa nje wakahesabu wenyewe.

Niliwatangazia watu. Wamama walipiga vigelegele, wakala wali wa msiba kama wali wa harusi, wakashusha viti. Prezida aliiondoa communiqué saa ileile na kuweka maneno "Mheshimiwa yu hai" kwa herufi nyekundu zinazowaka na kuzimika. Mimi sikula. Nilivaa koti, nikaenda maktaba, nikafungua ukurasa wa kamati. Mbele ya jina la yaya palikuwa na neno moja: Amefariki.

Kesho yake nilipiga simu ofisini kwa karani wa kamati kutoka kwenye stoo ya vifaa vya usafi.

"Nakuamini," alisema. "Nakuamini kabisa. Lakini nilikwambia kufungua si kazi yangu. Wanakutana baada ya miezi minne."

"Badilisha neno moja tu."

"Nikilibadilisha bila kikao, serikali yoyote itasema orodha yetu inaandikwa kwa simu. Nipe hati. Barua ya mkono wake, yenye tarehe. Picha. Kwa hati naweza kumwomba mwenyekiti."

Nilitaka kumtukana. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikirudisha hotuba za wabunge kwa sababu ya muhuri uliokosekana. Ningekuwa kwenye kiti chake, ningesema vilevile.

Basi tukatafuta hati. Wiki iliyofuata binamu alikwenda gerezani na kalamu, karatasi na dawa. Mlangoni walimwambia mtu huyo hayupo. Akasema, nimemwona juzi. Wakampeleka kwa mkuu wa gereza, naye akatoa ukurasa mpya aliokuwa ameupiga chapa, akauweka juu ya ule wa zamani. Ninyi wenyewe mmeandika kwamba amekufa, alimwambia. Dawa unamletea nani? Binamu alirudi siku ya pili, ya tatu, ya kumi. Dawa zilirudi naye. Balozi yule hakuuliza tena, maana nani huuliza habari za marehemu?

Niliandika barua kila siku. Niliwaandikia wabunge mmoja mmoja, wale ambao majina yao niliyakumbuka kutoka kwenye vibao vya mezani nilivyovipangusa kwa mkono wangu. Wanne walinijibu, wote wakinipa pole kwa kifo cha kaka yangu. Prezida alinisindikiza kwenye ofisi ya mbunge wa Wembley, akiwa amevaa suti ya harusi, akasimama ukutani bila sauti yake kubwa. Karani mle ndani alikuwa na adabu, akaandika kila kitu. Nilimwangalia akiandika, nikaona kwamba anaandika vizuri, na kwamba haitasaidia.

Wiki ya saba gereza lilimwita binamu akachukue mwili. Safari hii aliuona uso. Aliniambia alikuwa mwepesi kama mtoto, na kwamba mwili ulikuwa haujapoa vizuri. Pamoja nao alipewa cheti cha kifo chenye muhuri. Tarehe iliyoandikwa ilikuwa ile Jumamosi, siku ya maharage, siku ya communiqué. Kwa mujibu wa karatasi, wiki zile saba hakuna mtu aliyeteseka mle ndani, na hakuna wa kuulizwa.

Niliweka matanga mara ya pili. Viti vya kanisa sikuviomba. Wamama wachache walikuja, wakakaa kidogo, hawakujua watoe sauti gani, kwa sababu yaya walikuwa wameshamlilia na kumshangilia. Prezida alifika, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akasema, "Mama, miye..." kisha akashindwa, akaondoka, na tovuti ile akaifunga mwezi uleule. Aliyekaa ni nesi Mkenya. Alishuka na chupa ya chai, akafunua masufuria yangu yaliyokuwa matupu, akapanda tena, akarudi na ugali na sukuma. Sikuwa na uso wa kumwangalia. Alinilazimisha kula, na hakusema neno moja kuhusu lile swali lake. Ningependa angesema.

Nilipopata nguvu nilimwandikia karani wa kamati kwa mara ya mwisho. Nilieleza kwamba tarehe iliyo kwenye ukurasa wao ni ya uongo, uongo wangu, na nikaomba waweke tarehe ya kweli, ili ijulikane kwamba aliishi wiki saba zaidi na kwamba wiki hizo zilikuwa na mwenyewe. Nikaambatisha cheti, kwa kuwa kanuni inataka hati. Alijibu kwa upole uleule. Cheti cha serikali, alisema, kinakubaliana na ukurasa. Hapakuwa na la kusahihisha.

Mwaka mmoja baadaye alinipigia simu mtu aliyekuwa ameachiliwa kutoka gereza lile, mtu wa kwetu, aliyekuwa chumba kimoja na yaya mpaka mwisho. Alipata namba yangu kwa binamu. Nilimuuliza kama yaya alijua kwa nini dawa zilikoma.

"Alijua, mama. Mukubwa wa boloko alimuletea ile communiqué yenu, yote. Akamuambia: Mheshimiwa, weye ulishaka kufa, dada yako njo aliandika."

"Naye akasema nini?"

"Akaomba miwani. Akasoma pole pole, mpaka ku sahihi. Akarudia tena. Halafu akasema: Ni mudogo wangu huyu. Hakuna kosa hata moja."

Maisha yangu yote nilikuwa nimengoja aniambie hivyo.